Nyumba ya Isipokuwa

Kwetu msiba haumalizwi na machozi, humalizwa na jibu. Watu hulala chini katika nyumba ya marehemu, juu ya majamvi, na asubuhi ya siku ya tatu mkubwa wa ukoo husimama mlangoni na kumwuliza mfiwa: "Nini kilichomchukua?" Mfiwa hutaja kilichomchukua mtu wake. Homa. Maji. Uzee. Uzazi. Nyoka. Wote waliolala pale hulirudia jibu lile kwa sauti moja, kisha majamvi hukunjwa, nyumba hufagiliwa kutoka ndani kwenda nje, na kila mtu hurudi kwake kupika. Lakini mmoja tu akikataa kulirudia, jamvi halikunjwi.

Mdogo wangu alikufa sokoni, yeye na watu wengine, kwa mlipuko. Jina lake Sikudhani. Mimi ni Sikujua. Mama yetu alikuwa mwepesi wa kushangaa, akatuita kwa maneno aliyoyasema kila mara mkunga alipomkabidhi mtoto. Tulifanana hata watu wa sokoni walikuwa wakinilipa mimi vitumbua walivyokula kwake, nami nilipokea na kumpelekea. Baada ya kufa kwake waliendelea kuniita Sikudhani, nami niliitika. Sikuona sababu ya kuwasahihisha. Jina likiitwa na likaitikiwa, mwenye jina yupo mahali fulani, hata kama mahali penyewe ni koo la dada yake.

Nayaandika haya ili nisije nikayasahau, maana nimeona kwamba hata huzuni hufifia kama rangi ya kanga.

Siku ya tatu ilipofika, shangazi yangu Mafunda alisimama mlangoni, akauliza. Nikasema: "Bomu."

"Bomu ni chuma," alisema Shangazi. "Chuma hakina miguu. Nani alikituma?"

Chande kinyozi, aliyelala karibu na dirisha, alijibu kabla yangu. "Gaidi. Neno lipo, Shangazi, tulitumie, migongo inauma."

Watu wakaanza kulirudia. Kisha wakanyamaza, kwa sababu Mwajabu, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa amefumba mdomo.

"Mwajabu, sema," Chande alimwambia.

"Silisemi. Neno hilo ndilo lililomnyonga kaka yangu. Walilisoma mbele ya watu, wakavuta kamba. Siku hizi kuna barabara yenye jina lake, na wewe Chande umefungua kibanda chako kwenye barabara hiyo hiyo. Sikudhani nilimpenda, Mungu anajua. Lakini neno hilo halipiti hapa." Aligusa koo lake.

"Basi tuseme muuaji," alisema Chande.

"Hapana," alisema Shangazi Mafunda. "Muuaji ana ugomvi na anayemwua. Anamjua, anamchukia, au anataka kitu chake. Huyu hakumjua Sikudhani. Hakumtaka Sikudhani. Alitutaka sisi."

Hapo kila mtu alihisi kwamba ni kweli. Mdogo wangu alikuwa ameuawa na kitu kilichokuwa njiani kuja kwetu. Alikuwa kama pazia, na mshale ulikusudiwa watu waliokaa nyuma ya pazia. Nililala usiku ule nikilifikiria jambo hilo, na asubuhi ilipofika ilikuwa tena siku ya tatu. Na asubuhi iliyofuata pia. Siku ya nne ilikataa kuingia, kwa kuwa jamvi lilikuwa bado chini. Watu waliota mvi pale pale juu ya majamvi. Wengine walichumbiana. Kuku wa jirani walitaga katika kofia ya Chande, naye akaacha kuivaa ili asiwasumbue. Hatukuwa na shida kubwa. Tulikula mbaazi, tukanywa chai ya tangawizi, tukazoeana mikoromo. Lakini nilijua kwamba Sikudhani naye alikuwa amezuiliwa mahali, hajaruhusiwa kufika, kama mtu aliyeshikwa mpakani kwa sababu karatasi yake haijaandikwa ugonjwa.

Ndipo Shangazi aliponiita. "Nenda Nyumba ya Mataifa, mwanangu. Nasikia huko wanatengeneza maneno ya watu wote. Kaniletee moja. Hata likiwa dogo, tutalinyoosha."

Nilitoka, nikatembea ndani ya ile siku ya tatu. Jua halikusogea. Njia ilipita katika miji ambayo kila mmoja ulikuwa na soko lililoungua, na katika kila soko alikuwapo mwanamke aliyefanana na mimi akizoa vitu vilivyoweza kuzolewa. Hatukusalimiana kwa maneno. Tulitikisa vichwa tu, kama watu wa kazi moja wanapokutana. Wakati mwingine nilidhani nimesimama na ni wao wanaonipita. Wakati mwingine nilidhani mimi ndiye Sikudhani, na aliyekufa ni Sikujua, na mawazo hayo hayakunitisha. Yalikuwa kama kubadilisha bega unapobeba ndoo.

Mlangoni pa Nyumba ya Mataifa alikaa bawabu mnene mwenye sauti ya upole.

"Jina lako, mama?"

"Sikujua."

"Hukujua jina lako?"

"Ndilo jina langu."

"Haya. Na umekuja kwa ajili ya nani?"

"Sikudhani."

Bawabu alinitazama, akacheka hata tumbo likatikisika. "Pita, mama, pita. Humu ndani wote wanajibu hivyo hivyo. Utajiona uko nyumbani."

Nyumba yenyewe sijui niieleze vipi. Ilikuwa sentensi. Mwanzo kabisa, bawabu alinieleza tulipokuwa tukitembea, mataifa yalikutana katika uwanja mtupu na kukubaliana kwa furaha, wakajenga ukuta mmoja mrefu wa kuzunguka uwanja wote, na juu ya ukuta wakachonga maneno haya: *Gaidi ni mtu yeyote anayewaua wasiopigana ili walio hai waogope.* Walikula, wakacheza ngoma. Kesho yake mjumbe mmoja alirudi na patasi. Alisema kwamba ukuta ni mzuri, ila katika nchi yake kuna jambo moja dogo, akachonga neno *isipokuwa*, na palipoingia neno lile ukuta ulifunguka, pakawa na mlango. Mjumbe wa pili aliuona mlango wa mwenzake akataka wake. Na wa tatu. Kila isipokuwa ilikuwa na haki yake, ukisikiliza hadithi yake toka mwanzo. Hapakuwa na hata moja iliyochongwa na mtu aliyejiona mwovu. Sasa nilipofika mimi hapakuwa na ukuta. Palikuwa na milango tu, imesimama bega kwa bega kuzunguka uwanja, yote imerudishwa bila komeo, na upepo ulipita humo ukiimba kidogo. Nilikaa nikaisikiliza. Ilikuwa sauti nzuri, siwezi kusema uongo. Nyumba nyingine huwa nzuri hata zikiwa haziwezi kumkinga mtu na mvua.

Nilifikiri: labda kila mtu ana isipokuwa yake. Mimi, mwenye kuchukia kuua, je, sikumwombea kifo yule aliyemwua mdogo wangu? Na katika dua ile, mkewe alikuwa ameketi wapi? Watoto wake walikuwa wanacheza umbali gani? Sikuuliza. Nilichonga mlango wangu kimya kimya, nikaomba.

Ukumbini walikuwamo watatu tu, wengine wakiwa wamelala. Mwenyekiti, Bwana Pandu, alikuwa na bakuli la karanga mapajani. Kushoto kwake alikaa mjumbe wa Nchi ya Minara, mwanamume mrefu aliyenyoosha suruali yake hata mkunjo ungeweza kukata mkate. Kulia alikaa mjumbe wa Nchi Isiyozaliwa, mwanamke ambaye uso wake ulikuwa wa msichana ukimtazama upande huu, na wa ajuza ukimtazama upande ule, kwa vile alikuwa amengoja muda mrefu nchi yake izaliwe.

"Aliyevaa sare si gaidi," alikuwa akisema wa Minara. "Sare ina mkubwa wake, na mkubwa ana sheria yake."

"Basi mshonee sare yule wa sokoni, mambo yaishe," alijibu wa Isiyozaliwa. "Mafundi cherehani si unao?"

"Unafanya mzaha na damu ya watu."

"Ninyi ndio mmeipimia kitambaa."

"Na wewe unataka kila mwenye dhiki apewe ruhusa ya kuchoma wenzake!"

"Nataka aliyenyang'anywa nyumba yake asiitwe jambazi kwa kugonga mlango."

"Kugonga? Ndugu yangu, mlango wenyewe haupo tena. Umepaa na bawaba zake!"

"Karanga, jamani," alisema Bwana Pandu. "Chukueni karanga. Tuna mgeni."

Wote watatu wakanigeukia. Nikawaeleza. Niliwaambia habari ya jamvi, ya Chande na Mwajabu, na siku ya tatu isiyokwisha. Nikasema: "Sitaki kuwahukumu. Nataka neno moja ambalo majirani zangu wawili wanaweza kulisema pamoja, ili mdogo wangu aende."

Kisha mjumbe wa Isiyozaliwa aliuliza, kwa sauti ya chini, "Alikuwa akiuza nini?"

"Vitumbua."

"Vya nazi?"

"Vya nazi."

"Kwetu tunatia na iliki," alisema wa Minara, akiangalia mikono yake.

"Hata yeye alitia."

"Ukitia iliki," alisema wa Isiyozaliwa, "usikoroge mara mbili. Vinagoma kuumuka."

"Vinagoma kabisa," alikubali wa Minara.

Kwa kitambo kile walikuwa watu wawili waliokaa jikoni kwa mtu. Niliona kwamba wangeweza kulia, na pengine wangelia, lakini mmoja alikumbuka jambo alilosema mwenzake mwaka ule mwingine, mwingine akakumbuka alivyojibiwa, wakarudi katika sare na kamba na minara. Sikukasirika. Nilihisi kama mtu aliyeona samaki akiruka mara moja juu ya bwawa: anajua sasa kwamba bwawa lina samaki.

Nilitoka ukumbini kunyoosha miguu, nikazunguka ile milango. Na pale ndipo nilipomwona.

Hakuna aliyeniambia kwamba ni yeye. Nilimtambua kwa jinsi alivyokuwa akipita katika milango bila haraka, akiingia na kutoka, kama mtu anayejaribu viatu dukani. Alipopita mlango mmoja alikuwa amevaa sare yenye nishani. Alipotoka katika wa pili alikuwa peku, nguo zimechanika, na machoni mna njaa ya miaka. Mlango wa tatu ulimvika tasbihi, wa nne ukampa bendera, wa tano ukampa mtoto aliyekufa mikononi, na mtoto huyo alikuwa wake kweli. Niliona jinsi alivyomshika. Milango yote ilimtosha. Hakuna hata mmoja uliomgusa bega. Aliponiona alisimama, akanitazama kama mtu anayefikiri amewahi kuniona mahali.

"Salama?" nilisema. Sikujua niseme nini kingine.

"Salama, dada."

"Siku ile sokoni," nilimwambia, "ulimwua nani?"

Alifikiri. Upepo ulikuwa ukiimba katika milango.

"Sikudhani," alisema.

Kisha akapita mlango uliokuwa mbele yake, na sikumwona tena.

Nimelichukua jibu lile, nimeligeuza kila upande, na mpaka leo silimalizi. Kama alinitajia jina la mdogo wangu, basi alimjua. Mahali fulani alikaa, akauliza majina ya waliokufa, akajifunza moja moja. Kama alisema tu kwamba hakudhani, kwamba hakuwaza kuwa kuna mtu pale, basi Shangazi Mafunda alisema kweli, mdogo wangu alikuwa pazia. Neno ni lile lile. Sauti ni ile ile. Lugha yetu imewapa jina moja aliyeuawa na yule ambaye hakufikiri, na mama yangu, katika kushangaa kwake, ndiye aliyelichagua. Ningeweza kumkimbilia nikamwuliza alikusudia lipi. Miguu yangu haikutaka. Nadhani kuna maswali ambayo mtu huyaacha wazi kwa sababu, yakifungwa, yatafungwa upande mbaya, nami nilipenda zaidi kuishi na mlango huu mmoja ukiwa wazi. Basi na mimi nina wangu. Niliketi chini, nikacheka kidogo, peke yangu, kicheko kisicho na ubaya.

Bwana Pandu alinifuata akiwa na bakuli lake. Alikaa kando yangu kwa shida, magoti yakilia.

"Jina la mnyama mzima hatuna, mama," alisema. "Baba yangu alikalia kiti hiki, na babu yangu kabla yake. Kila akija mtu kama wewe tunaona haya. Lakini usidhani tumekaa bure. Tulipoona hatuwezi kumtaja mnyama, tulianza kumkataza kiungo kwa kiungo. Mguu mmoja: hakuna kuteka ndege. Mguu wa pili: hakuna kuteka watu na kuwafanya rehani. Pembe: hakuna kugusa meli za watu baharini. Mkia: hakuna kumchangia fedha. Kila nchi ilitia sahihi kiungo, kwa kuwa hakuna aliyeogopa kiungo. Wakiona mnyama mzima ndipo wanapokumbuka ndugu zao."

"Na sokoni?"

"Kipo kiungo cha soko." Alifunga macho, akakisoma kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayetaja watoto wake. "Ni haramu kwa kila mtu, wa kila nchi, kulipua mahali pa watu."

"Bila isipokuwa?"

Alisita. Alikuwa mkweli, nami nampenda kwa hilo. "Upo mlango. Mdogo. Wakubwa walitaka uwepo. Lakini tuliujenga mfupi, mama. Anayetaka kupita lazima ainame."

"Na akiinama?"

"Anapita. Lakini ameinama, na watu wamemwona."

Nililiwaza hilo njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta ukuta, nikapewa mlango mfupi. Ni kitu kidogo. Lakini nimeishi katika nyumba za watu maskini na najua tofauti ya mlango unaopita ukiwa umenyoosha shingo na mlango unaokulazimisha uangalie chini, uone miguu yako, uone kilicho sakafuni. Labda sheria zote zilianza hivyo: mtu mmoja hakuweza kumzuia mwenziwe, akashusha tu kizingiti cha juu.

Nyumbani waliamka waliponisikia. Ilikuwa asubuhi. Shangazi Mafunda alisimama mlangoni, akajifunga kanga vizuri, akauliza kama vile hakuna kilichopita kati yetu: "Nini kilichomchukua?"

"Alichukuliwa na aliyelipua mahali pa watu, ili sisi tuogope. Na kulipua mahali pa watu ni haramu kwa kila mtu, wa kila nchi."

"Hilo refu," alisema Chande.

"Ndilo walilonalo."

"Na jina lake mtu huyo?"

"Jina hawana. Wana tendo."

Chande alikuna kichwa. "Mimi nilitaka jina. Mtu ukimpa jina unamshika." Akawaza. "Lakini sawa. Tendo nalo si haba."

Sasa wote walimtazama Mwajabu. Alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha, mikono imelala mapajani. Sikuwahi kuogopa mdomo wa mtu kama nilivyouogopa mdomo ule.

"Kaka yangu hakulipua soko," alisema.

"Hakulipua," nilisema.

"Walisema alilipua daraja. Usiku, hakuna mtu." Alikuwa akiongea na ukuta. "Hivyo walisema wenziwe. Sikuwapo."

Hakuna aliyemsukuma. Kuku mmoja alipita katikati yetu, akatoka.

"Na kama angelilipua soko?" aliuliza Shangazi Mafunda. Aliuliza polepole sana, wala haikuwa kumtega. Aliuliza kama mtu anayemshika mwenziwe mkono kwenye ngazi.

Mwajabu alikaa. Alikaa muda ambao mtu hukaa anapomwosha maiti wake, upande mmoja, kisha upande wa pili. Niliona kila mlango ukipita usoni mwake: kamba, barabara, mama yao, njaa ya zamani, haki yake yote. Yote ilikuwa kweli. Niliona akiifikia mmoja mmoja na mkono wake ukiwa juu ya kitasa.

"Kama angelilipua soko," alisema, "ningesema hivi hivi."

Akafumbua mdomo, akaanza yeye wa kwanza. *Alichukuliwa na aliyelipua mahali pa watu.* Wote wakamfuata. Haikuwa kama kusema homa au maji. Sentensi ilikuwa ndefu na watu hawakuizoea; wengine walitangulia, wengine walibaki nyuma, Chande alikwama kwenye *haramu* akaanza upya, watoto wakacheka, na hata mimi nikatabasamu nikilia. Tuliisukuma pamoja kama watu wanaohamisha kabati. Kisha sauti moja ya nyuma, sijui ya nani, ya mtu mzima aliyechoka, iliteleza. Mahali pa kusema *ili sisi tuogope* ikasema *ili sisi tusiogope*.

Desturi inataka jibu lirudiwe sawasawa. Shangazi Mafunda alisikia. Aligeuka, akaangalia upande ilikotoka sauti ile, midomo yake ikijaribu silabi ile iliyozidi. Halafu akainama, akashika pembe moja ya jamvi, akanionyesha nishike ya pili.